MTOTO ATOBOLEWE MASIKIO WAPI?

Mazungumzo na wazazi wa Longech

(Haya ni maneno tuliyowaambia wazazi wa kikundi cha afya pale Longech. Tumeyaandika hapa kwa faida ya wale ambao hawakufika, na kwa vikundi vingine vya Kalokol, Lodwar na Kakuma vinavyotaka kuzungumza juu ya jambo hili.)

Tunajua leo upepo ni mwingi na samaki bado wako juani, kwa hiyo hatutawachelewesha sana.

Mkutano uliopita mlituletea swali. Mama mmoja alisema: "Mtoto wangu ni msichana, ana miezi miwili. Mama mkwe anataka amtoboe masikio hapa nyumbani. Dada yangu anasema nimpeleke Lodwar kwa saluni. Mimi sijui niende wapi." Wengine mlicheka, mkasema ati hilo si jambo la kuitishia mkutano. Lakini tulipouliza ni nani hapa amewahi kuona sikio la mtoto likioza, mikono mingi iliinuliwa. Basi tukaona ni jambo la kuzungumza.

HATUJI KUPINGA MILA

Kwanza tuelewane. Hatukuja kusema kutoboa masikio ni vibaya. Waturkana wametoboa masikio tangu zamani, wanawake na wanaume, na mapambo ya sikio yanasema mengi juu ya mtu. Wala si sisi peke yetu. Kule pwani, bibi zetu wa Kiswahili walitoga masikio na kuvaa majasi. Huko India kuna jamii nyingi zinazotoboa mtoto angali mdogo, kwa sherehe. Hispania watoto wengi wa kike hutobolewa wakiwa wachanga kabisa. Na mwaka wa 1991, katika milima yenye barafu mpakani mwa Austria na Italia, ulipatikana mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Naye masikio yake yalikuwa yametobolewa!

Kwa hiyo jambo hili ni la binadamu wote. Swali letu ni moja tu: tufanyeje ili mtoto apate pambo lake bila kupata ugonjwa?

DAKIKA MOJA NA WIKI SITA

Mtu akisema "atobolewe wapi", sisi sote tunafikiria mahali pa sindano: nyumbani, sokoni, saluni au zahanati. Lakini hebu fikirini. Kutoboa kunachukua dakika moja. Kupona kunachukua kama wiki 6, kwa sehemu laini ya chini ya sikio. Mtoto anaweza kutobolewa Lodwar, lakini wiki hizo 6 atakaa wapi? Atakaa hapa hapa Longech. Atakaa kwenye mchanga na upepo, karibu na samaki na nzi, na wenzake wakiogelea ziwani.

Tena, tangu maji ya ziwa yalipopanda karibu na mwaka wa 2020 na kutuzunguka, njia yetu ya kwenda Kalokol ni mashua. Upepo ukivuma asubuhi, mashua haziendi. Na kutoka Kalokol mpaka Lodwar ni kilomita kama 60 tena. Sikio likivimba usiku, mama wa Lodwar mjini anapanda bodaboda. Wewe unangojea ziwa litulie.

Kwa hiyo mahali unapochagua ni pawili: pale pa kutobolea, na pale pa kuponea. Ukichagua pa kwanza vizuri na ukasahau pa pili, umefanya nusu ya kazi.

TAZAMA KADI YA KLINIKI KWANZA

Kabla ya kufikiria hereni, toa ile kadi ya mtoto. Tazama chanjo.

Ugonjwa tunaouogopa zaidi ni pepopunda. Vijidudu vyake vinakaa udongoni na katika mavi ya mifugo, na hapa kwetu mbuzi wanalala karibu na nyumba. Vinaingia kwa kidonda, hata kidonda kidogo kama tundu la sikio. Baada ya siku chache, mara nyingi kati ya 3 na 21, taya za mtoto zinakaza, hawezi kunyonya, na mwili unakakamaa kama ubao. Ugonjwa huu hautoki kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Unatoka kwa uchafu. Na ukishaingia, matibabu yake ni magumu hata katika hospitali kubwa.

Chanjo ya kuukinga iko, na katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Hapa Kenya mtoto anapata chanjo hiyo, pamoja na ya homa ya ini aina ya B na magonjwa mengine, akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mama aliyechanjwa akiwa mjamzito naye humpa mtoto kinga ya miezi ya kwanza, lakini kinga hiyo huisha.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: kadi ikionyesha kwamba chanjo zote 3 hazijakamilika, ngojeni. Mtoto wa miezi miwili angoje. Hakuna sherehe inayoharibika kwa kungoja miezi miwili zaidi. Mtoto mdogo zaidi ya hapo akipata homa, hata daktari anashindwa kujua haraka kama homa imetoka sikioni au mahali pengine.

TUPIME MAHALI PANNE

1. Nyumbani kwa nyanya. Nyanya anamjua mtoto, mkono wake hautetemeki, na hatalipwa pesa. Hayo ni mazuri. Hatari iko kwa kile anachoshika. Mwiba wa ewoi umetoka mtini, umeguswa na vumbi na mbuzi. Sindano ya kushonea imekaa ndani ya shanga. Kuipitisha kwa moto kidogo kunaacha masizi, na si njia ya kuaminika ya kuua vijidudu. Kuichemsha kwa dakika 20 ni afadhali sana kuliko kutochemsha, lakini mbegu za pepopunda zina ganda gumu, na zingine zinaweza kustahimili maji yanayochemka. Ndiyo maana hospitali hutumia mvuke wa joto kubwa chini ya shinikizo.

Halafu kuna lile jambo la kupanga watoto mstari. Siku ya furaha, watoto 5 au 6 wanatobolewa kwa sindano moja. Damu ya wa kwanza inaingia kwa wa pili. Kwa njia hiyo homa ya ini na virusi vya ukimwi vinaweza kupita kutoka kwa mtoto hadi mtoto, na hakuna mtu atakayejua mpaka miaka ipite. Hili, kina mama, tunaomba likome kabisa. Sindano moja, mtoto mmoja.

2. Sokoni kwa mchuuzi. Hapa tutasema kwa kifupi: hapana. Mchuuzi yuko leo, kesho hayuko. Mikono yake imeshika pesa tangu asubuhi, maji ya kunawa hana, na mtoto akiugua hutampata umwulize alitumia nini.

3. Saluni ya mjini. Saluni nyingi zinatumia ile bunduki ndogo inayofyatua hereni. Watu wanaiona ni ya kisasa, wanafikiri lazima ni safi. Lakini bunduki nyingi za namna hiyo ni za plastiki. Haziwezi kuwekwa katika joto la kuua vijidudu, maana zitayeyuka. Zinapanguswa tu kwa dawa. Tena hereni yenyewe si kali kama sindano, inalazimishwa kupita kwenye nyama kwa nguvu. Ziko za aina bora, ambazo kila kipande kinachomgusa mtoto ni kipya na kinatupwa baadaye. Basi usiende kwa sababu ya kioo na taa. Nenda ukaulize.

Tulimwona mtoto mmoja aliyerudi kutoka mjini na hereni ndogo zinazong'aa. Zilibanwa sana. Siku ya tano masikio yalivimba, na nyama ikafunika kile kibanio cha nyuma. Ilibidi muuguzi akiondoe kwa shida, mtoto akilia. Kama mama angeambiwa mapema kwamba ni lazima pabaki nafasi kidogo ya uvimbe, angejua la kuuliza siku ile ile.

4. Zahanati au hospitali. Hapa kuna sindano mpya iliyofungwa, glavu, na mtu aliyefundishwa. Kama iko nafasi, ndiyo tunayopendelea. Lakini tuwe wakweli. Si kila zahanati inatoboa masikio. Kazi yao ya kwanza ni wagonjwa na chanjo, na mahali pengine muuguzi ni mmoja kwa watu wengi. Usisafiri na mtoto mpaka Kalokol, au mpaka Hospitali ya Rufaa ya Lodwar, kabla hujauliza. Mtumie mtu anayekwenda, au umwulize mhudumu wa afya ya jamii, naye atakuletea jibu. Ndugu zetu wa Kakuma nao waulize kwanza katika kituo kilicho karibu nao. Kilomita kama 120 mpaka Lodwar ni mbali sana kwa jambo ambalo huenda likafanyika pale pale.

MAMBO YA KUULIZA POPOTE

Popote utakapokwenda, hata kwa mama mkwe, una haki ya kuuliza kwa heshima:

- Je, sindano au hereni ni mpya, na itafunguliwa mbele ya macho yangu?
- Je, utanawa mikono kwa sabuni, na uvae glavu mpya?
- Je, sikio litapanguswa kwa dawa kabla ya kutobolewa?
- Je, hereni ni ya madini gani?
- Je, kukiwa na shida nitakupata wapi?

Mtu anayejua kazi yake hatakasirika. Anayekasirika amekupa jibu lake.

Swali la madini wengi hulisahau. Hereni nyingi za bei ndogo zina nikeli, na nikeli huwasha ngozi za watu wengi. Nchi za Ulaya ziliweka sheria juu ya nikeli katika mapambo mwaka wa 1994 kwa sababu hiyo. Kwa tundu jipya tafuta dhahabu safi, titani, au chuma kisichoshika kutu cha aina ile ya hospitali. Waya wa shaba, bati la sufuria, na uzi wa nyavu ya zamani visiingie kwenye kidonda kibichi. Tundu likishapona kabisa, mapambo yetu ya asili yana nafasi yake.

Na hereni ya mtoto mchanga isiwe ya kuning'inia. Mtoto huvuta kila kitu, na uzi wa shuka nao hunasa, sikio likapasuka. Kibanio kiwe cha kufunga imara, maana kikidondoka kinaweza kwenda mdomoni na kumkaba koo.

CHINI, SI JUU

Shika sikio lako sasa hivi. Chini ni laini. Juu na pembeni ni pagumu kidogo, hapo ni gegedu. Sehemu ya chini ina damu nyingi, kwa hiyo inapona upesi. Gegedu haina mishipa yake ya damu, inapona polepole, na usaha ukiingia unaweza kuila mpaka sikio lote likasinyaa. Hilo halirudi tena.

Tunajua mapambo yetu yana matundu mengi kuzunguka sikio. Hatusemi yasiwepo. Tunasema mtoto mdogo apewe tundu moja la chini kila upande. Matundu ya juu yangoje mpaka akue, ajue kujitunza, na aseme mwenyewe kama anayataka.

Jambo lingine: kuna jamaa ambao kidonda kikipona kinaacha kovu nene linaloendelea kukua. Kama mama, baba au ndugu anayo makovu hayo, mwambieni muuguzi kabla ya kutoboa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka wa 2005 ulionyesha makovu hayo yalitokea zaidi kwa waliotobolewa wakiwa na miaka 11 na zaidi kuliko waliotobolewa wakiwa wadogo. Kwa hiyo kungoja ni vizuri, lakini familia yenye makovu hayo ipate shauri kwanza, mtoto awe mdogo au mkubwa.

KAZI YA WIKI SITA

Sasa tumefika kwa sehemu ya nyumbani, ile ambayo hakuna daktari atakayekufanyia.

Asubuhi na jioni, nawa mikono kwa sabuni. Kama ulikuwa unapasua samaki, nawa mara mbili. Chukua kikombe kimoja cha maji yaliyochemka na kupoa, tia robo kijiko cha chai cha chumvi, koroga. Lowesha pamba au kitambaa kilichochemshwa, upanguse mbele na nyuma ya sikio taratibu. Kausha. Basi. Usizungushe hereni, maana unafungua kidonda upya. Usiitoe kabla ya wiki 6.

Mtu atauliza: "Maji ya ziwa si yana chumvi tayari?" Yana magadi, ndiyo, lakini hayakuchemshwa. Ndimo tunamooga, ndimo mifugo inakunywa, ndimo samaki wanasafishwa. Magadi hayaui vijidudu. Kwa wiki hizo 6 mtoto aogeshwe kwa karai, na masikio yake yasizamishwe ziwani.

Usipake majivu, masizi, mavi ya ng'ombe, mafuta ya mnyama, dawa ya meno wala mate. Mengi ya hayo yanaingiza kile kile tunachokikimbia.

DALILI ZA KUKIMBIA NAZO

Wekundu na maumivu kidogo kwa siku chache za kwanza ni kawaida. Lakini ukiona sikio linazidi kuvimba, lina joto, linatoa usaha wa njano au wa kijani, au mtoto ana homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Usiitoe hereni mwenyewe kwanza, kwa sababu tundu linaweza kuziba na usaha ukabaki ndani. Mwachie muuguzi aamue.

Ukiona mtoto ameshindwa kufungua mdomo, ameacha kunyonya, au mwili unakakamaa, usingoje asubuhi na usipitie kwa mganga. Ita mwenye mashua, piga simu, tafuta gari. Sikio la kufa halisikii dawa, wazee walisema. Sisi tunataka dawa ifike sikio likiwa bado linasikia.

NANI AAMUE?

Mara nyingi uamuzi huu unakuwa vita kati ya mama na mama mkwe, na baba anakaa kimya. Baba, usikae kimya. Nauli ya mashua iko mfukoni mwako.

Na kina mama, msiwafanye nyanya kuwa maadui. Jambo moja lilisemwa na mzee mmoja hapa, nasi tumelipenda: tusimnyang'anye nyanya kazi yake, tumpe sindano mpya. Kikundi kinaweza kuchanga pesa kidogo, kununua sindano zilizofungwa na glavu kutoka duka la dawa, na kumwomba muuguzi, siku anapokuja kwa chanjo, atoboe huku nyanya amemshika mtoto na kumpa baraka zake. Kadi inatazamwa hapo hapo. Sindano zilizotumika zinatiwa ndani ya kopo gumu lenye kifuniko, zinarudi na muuguzi, hazibaki mchangani kuchoma miguu ya watoto. Hivyo swali la "wapi" linaweza kupata jibu hapa hapa kwetu, bila kuvuka maji.

Kama mtoto wako ameshaanza shule, fikirini pia juu ya likizo. Shule nyingi haziruhusu hereni, na mwalimu akisema itolewe kabla ya wiki 6, tundu litaziba. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ndiyo inayofaa.

Na kama wewe umeamua kungoja mpaka mtoto aseme mwenyewe, usione haya. Sikio halikimbii. Yule mama aliyeuliza swali, mtoto wake ana chanjo moja tu kwenye kadi. Jibu letu kwake ni: rudi kliniki wiki ya 10 na wiki ya 14, halafu njoo tukae na mama mkwe tupange siku.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Hapa kwetu watoto hutobolewa wakiwa na umri gani, na nani huamua?
2. Ni watoto wangapi wa kikundi chetu ambao kadi zao hazijakamilika? Nani atawakumbusha mama zao?
3. Tukichanga, tunaweza kununua sindano ngapi? Nani atazitunza?
4. Mtoto akiugua usiku na upepo uko ziwani, mwenye mashua wetu ni nani, na nambari yake ya simu iko kwa nani?

Jibuni swali la nne kabla ya kutoka hapa leo.